Kamera za ulinzi shuleni: jicho lisilolala, sikio lisilosikia

Safari ya leo ni ya Johannesburg, jiji kubwa kuliko yote nchini Afrika Kusini, ambako kamera za ulinzi zimekuwa sehemu ya maisha ya kila siku. Kamera hizo sasa hazilindi tena maduka na majumba peke yake. Zimeingia pia katika viwanja, korido na mabweni ya shule, na wazazi wengi wanaziona kuwa ndiyo dawa ya uonevu, yaani ile tabia ya mwanafunzi mwenye nguvu, au kundi la wanafunzi, kumtesa mara kwa mara mwenzao aliye dhaifu. Je, matumaini hayo yana msingi? Na mtoto anayeonewa anapata kinga gani hasa kutoka kwa kifaa kilichotundikwa ukutani?

Jiji la kuta na kamera

Johannesburg ni jiji la kuta ndefu. Katika vitongoji vya kaskazini vinavyokaliwa na wenye uwezo, kama vile Sandton na Rosebank, nyumba nyingi zimezungukwa na kuta zilizowekwa nyaya za umeme, na mlangoni kuna kibao cha kampuni ya ulinzi iliyo tayari kutuma walinzi wenye silaha. Kuanzia mwaka 2019, kampuni binafsi iitwayo Vumacam ilianza kutandaza maelfu ya kamera kandokando ya barabara za jiji hilo. Mwaka 2020 mzozo kati ya kampuni hiyo na wakala wa barabara wa jiji, ambao ulisita kutoa vibali vya kusimamisha nguzo zaidi ukitaja suala la faragha ya raia, ulifika mahakamani, na kampuni ikashinda.

Katika jiji la namna hiyo haishangazi kwamba mzazi anayetafuta shule ya mwanawe huuliza kuhusu kamera kama anavyouliza kuhusu ada na matokeo ya mitihani. Hofu yake ina sababu. Ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, UNESCO, iliyotolewa mwaka 2019, ilieleza kuwa takriban mwanafunzi mmoja kati ya watatu duniani alikuwa ameonewa na wenzake angalau mara moja katika mwezi uliotangulia uchunguzi. Nchini Afrika Kusini mzigo huo ni mzito zaidi. Katika uchunguzi wa kimataifa wa stadi za kusoma, uitwao PIRLS, wa mwaka 2016, asilimia 42 ya wanafunzi wa darasa la nne nchini humo walisema kuwa huonewa karibu kila wiki. Na mwezi Juni mwaka 2019, mwanafunzi mwenye umri wa miaka 16 wa shule moja ya sekondari kusini mwa Johannesburg aliuawa kwa kuchomwa kisu nje ya shule, na mwanafunzi mwenzake akatiwa mbaroni.

Kamera ilipoona: kisa cha Parktown

Kisa kinachotajwa mara nyingi pale inapojadiliwa faida ya kamera mashuleni ni kile cha shule ya sekondari ya wavulana ya Parktown, shule ya serikali yenye sifa kubwa na historia ndefu jijini Johannesburg. Mwezi Novemba mwaka 2016, kamera iliyokuwa katika ukumbi wa pamoja wa bweni la shule hiyo ilinasa picha za Collan Rex, kocha msaidizi wa mchezo wa polo ya majini, akimdhalilisha mvulana mmoja. Rex alikamatwa. Uchunguzi ulipofanywa, wavulana wengine walijitokeza mmoja baada ya mwingine. Mwaka 2018 mahakama ilimtia hatiani kwa makosa 144 ya udhalilishaji wa kingono na makosa 12 ya kushambulia, na mwezi Novemba mwaka huo akahukumiwa kifungo cha miaka 23 gerezani.

Kesi hiyo iliwashtua wazazi kwa sababu mhalifu hakuruka ukuta wala kukata nyaya za umeme. Alikuwa mtu wa ndani, mwanafunzi wa zamani wa shule hiyo hiyo, na alikuwa amekabidhiwa watoto awalee. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Aidha, kesi hiyo iliweka wazi mazingira ya mabweni ambamo wanafunzi wapya hutarajiwa kuvumilia mateso na fedheha kutoka kwa waliowatangulia, kwa kisingizio cha kuwakomaza na kuwafanya wanaume. Mtoto aliyezoeshwa kuona mateso kuwa ni mila hukosa hata neno la kuyashtakia.

Kuna mafunzo mawili katika kisa hicho, na yote mawili yanapaswa kushikwa kwa pamoja. Funzo la kwanza ni kwamba kamera ilifanya kazi iliyowashinda watu. Ilitoa ushahidi usiokanushika pale ambapo neno la mtoto peke yake lingeweza kupuuzwa. Funzo la pili ni chungu. Kamera hiyo haikuzuia kitu. Ilikuwepo ukutani wakati kitendo kinatendeka mbele yake, na idadi ya makosa yaliyothibitishwa inaonyesha kuwa mateso yalikuwa yamekwisha kuwafika wengine wengi, mara nyingi, kabla ya mtu mzima yeyote kuchukua hatua. Kwa maneno mengine, kamera ilisaidia sana kuadhibu, lakini haikusaidia kukinga.

Namna kamera zinavyofanya kazi

Ili kuelewa tofauti hiyo, ni vyema kufahamu kamera za shule zinavyofanya kazi. Katika shule nyingi hakuna mtu anayekaa mbele ya kioo kutwa nzima akitazama kinachoendelea. Picha huingia katika mashine ya kurekodia iliyofungiwa ofisini, na hutazamwa tu baada ya tukio kuripotiwa. Mashine hiyo ina nafasi yenye kikomo. Ikijaa, picha mpya hufuta za zamani, aghalabu baada ya wiki mbili hadi mwezi mmoja, kulingana na uwezo wa kifaa na idadi ya kamera. Hivyo mtoto anayechukua miezi mitatu kupata ujasiri wa kumweleza mama yake yaliyomsibu, huenda akakuta ushahidi wake umekwisha kufutika.

Jambo la pili ni mahali. Uonevu hautokei popote pale bila mpangilio. Hupenda vyoo, vyumba vya kubadilishia nguo, nyuma ya majengo, njia ya kwenda nyumbani na ndani ya basi dogo la abiria, yaani sehemu ambazo watu wazima hawapo. Sehemu mbili za mwanzo ndizo hizo hizo ambazo heshima ya mtoto hairuhusu kuwekwa kamera. Nchini Uingereza, mwaka 2012, kulizuka ghadhabu baada ya shirika la kutetea faragha la Big Brother Watch kutoa ripoti iliyobainisha kuwa shule zaidi ya 200 zilikuwa na kamera katika vyoo au vyumba vya kubadilishia nguo. Watoto nao ni wepesi wa kujifunza. Kamera ikitundikwa katika korido, baada ya siku chache kila mwanafunzi anajua inaishia kuona wapi, na mwonevu huhamishia shughuli zake hatua mbili nje ya mpaka huo.

Jicho lisilo na sikio

Kuna upungufu mwingine ambao haurekebishwi kwa kuongeza idadi ya kamera. Kamera nyingi za ulinzi hunasa picha bila sauti, ilhali sehemu kubwa ya uonevu hutendwa kwa ulimi.

Suala hili linawagusa kwa karibu wasikilizaji wa Kiswahili. Katika mitaa ya Yeoville, Hillbrow na Rosettenville wanaishi maelfu ya wahamiaji kutoka nchi nyingine za Afrika, wakiwemo Wakongo wengi ambao huzungumza Kiswahili na Lingala majumbani mwao. Watoto wao husoma pamoja na wenyeji. Mtoto kama huyo hutambulika kwa lafudhi yake, kwa jina lake pale mwalimu anapoita mahudhurio, na kwa namna anavyokosea neno la Kizulu uwanjani. Hapo ndipo linapotoka neno "makwerekwere", tusi wanalotupiwa Waafrika wa kigeni, kana kwamba lugha zao ni kelele tupu zisizo na maana.

Tusi hilo lina historia ya damu. Mwezi Mei mwaka 2008, mashambulizi dhidi ya wageni yalianza katika kitongoji cha Alexandra, jijini Johannesburg, yakasambaa katika maeneo mengine ya nchi, na watu 62 wakauawa. Mtoto anayeitwa kwa neno hilo wakati wa mapumziko husikia ndani yake mambo ambayo wazazi wake huyazungumza kwa sauti ya chini usiku. Lakini kamera itaonyesha nini? Itaonyesha wavulana wanne wamesimama karibu na bomba la maji, mmoja akicheka, mwingine akiinamisha kichwa. Mwalimu atakayeitazama picha hiyo ataona watoto wakizungumza. Kwake hapana kosa.

Hali ni hiyo hiyo kwa msichana anayetengwa na wenzake wasile naye wala wasimwite kwenye michezo. Kutengwa hakupigi picha. Kamera huona kitendo, na kutengwa ni ukosefu wa kitendo.

Kamera iliyo mfukoni mwa mtoto

Wakati shule zikitafakari kamera za ukutani, kamera nyingine nyingi zaidi zimekwisha kuingia kupitia lango kuu, zikiwa mifukoni mwa wanafunzi. Mwezi Aprili mwaka 2021, katika mkoa wa Limpopo kaskazini mwa nchi, msichana wa miaka 15 alipigwa na mwanafunzi mwenzake huku watoto wengine wakiwa wamewazunguka, na tukio hilo likarekodiwa kwa simu. Video ikasambaa. Muda mfupi baadaye msichana huyo alijitoa uhai, na taifa zima likaingia katika majonzi. Mwezi Oktoba mwaka 2025, video nyingine iliyoonyesha mwanafunzi wa miaka 16 akishambuliwa na wenzake katika shule moja ya sekondari mjini Cape Town ilizua hasira kubwa, na wanafunzi wanane wakakamatwa na kufikishwa mahakamani.

Katika matukio yote mawili ilikuwepo kamera, na ilikuwa karibu kuliko kamera yoyote ya ulinzi. Ndiyo iliyowezesha umma kujua. Lakini kwa yule anayepigwa, kurekodiwa ni kipigo cha pili. Kipigo cha kwanza humalizika kengele inapolia. Cha pili humfuata nyumbani, kitandani, na katika shule mpya atakayohamishiwa. Linalopaswa kuulizwa, basi, si nani aliyerekodi tu, bali ni kwa nini katika duara lile la watazamaji hapakuwa na hata mmoja aliyepaza sauti au kukimbia kumwita mwalimu.

Sheria inasemaje?

Afrika Kusini haina upungufu wa sheria. Sheria ya Shule ya mwaka 1996 inapiga marufuku adhabu ya viboko, na kifungu cha 10A kilichoongezwa baadaye kinaharamisha vitendo vya kuwadhalilisha wanafunzi wapya kwa jina la kuwakaribisha. Sheria ya Kinga dhidi ya Usumbufu, iliyoanza kutumika mwezi Aprili mwaka 2013, inamruhusu hata mtoto, bila kusindikizwa na mzazi, kwenda mahakamani kuomba amri ya kumzuia anayemsumbua. Ni haki kubwa, lakini watoto wachache wanaijua. Kwa upande mwingine, tangu mwezi Agosti mwaka 2022 mtoto aliye chini ya miaka 12 hawezi kushtakiwa kwa kosa la jinai nchini humo, kwa sababu mwonevu naye mara nyingi ni mtoto anayehitaji kurekebishwa.

Kuhusu kamera zenyewe, sheria inayohusika zaidi ni ile ya kulinda taarifa binafsi, ijulikanayo kwa kifupi kama POPIA, ambayo ilianza kutekelezwa kikamilifu tarehe 1 Julai mwaka 2021. Sheria hiyo inazipa taarifa za mtu aliye chini ya miaka 18 ulinzi wa pekee. Picha ya mtoto ni taarifa yake. Shule haiwezi kuikusanya ovyo, kuihifadhi milele wala kuisambaza katika makundi ya simu ya wazazi. Inapaswa kuwa na sababu halali, kuwaarifu wanaorekodiwa, na kuamua ni nani mwenye ruhusa ya kufungua mashine. Pasipo udhibiti huo, kifaa kilicholetwa kumlinda mtoto kinaweza kugeuka kuwa chombo kipya cha kumuumbua.

Mwenye nacho na asiye nacho

Haiwezekani kuizungumzia Johannesburg bila kugusia pengo la kipato. Shule za serikali nchini humo zimegawanywa katika makundi matano kwa kuzingatia umaskini wa maeneo zilipo, na tangu mwaka 2007 shule za makundi ya chini hazitozi ada. Shule inayotoza ada inaweza, kupitia baraza lake la wazazi, kuchangisha fedha za kununua kamera, kuzikarabati na kumlipa mtu wa kuzisimamia. Shule ya Orange Farm au ya kitongoji cha Alexandra huwa na mahitaji mengine yanayotangulia, kama vile uzio usio na matundu, taa za nje na mlinzi wa getini.

Tena kamera huhitaji umeme. Wakati wa mgao mkali ulioikumba Afrika Kusini, hasa mwaka 2023, vitongoji vya Johannesburg vilikaa gizani kwa saa nyingi kwa siku, na kamera zisizo na betri za akiba zilikuwa vipande vya plastiki ukutani. Mwalimu wa zamu, kwa upande wake, hazimiki umeme unapokatika.

Kinachosaidia kweli

Na hapo ndipo utafiti wa miaka mingi unapoelekeza. Nchini Norway, baada ya vifo vya wavulana vilivyohusishwa na uonevu mwishoni mwa mwaka 1982, serikali ilianzisha kampeni ya kitaifa, na msomi Dan Olweus akafuatilia shule 42 za mji wa Bergen na kuona uonevu ukipungua kwa kiwango kikubwa. Miongoni mwa nguzo za mpango wake ni watu wazima kuwa uwanjani wakati wa mapumziko, na kuingilia kati pale pale. Nchini Finland, mpango wa KiVa uliobuniwa katika Chuo Kikuu cha Turku huwafundisha wanafunzi wanaotazama kwamba ukimya wao ndio unaompa mwonevu nguvu, na walimu wa zamu huvaa vizibao vinavyong'aa ili mtoto ajue mara moja amkimbilie nani. Mwaka 2011, Maria Ttofi na David Farrington wa Chuo Kikuu cha Cambridge walilinganisha matokeo ya mipango mingi ya aina hiyo kutoka nchi mbalimbali. Waliona kuwa kwa wastani uonevu ulipungua kwa takriban asilimia 20, na kwamba usimamizi bora wa viwanja pamoja na mikutano na wazazi ni miongoni mwa hatua zilizohusiana na mafanikio.

Hii haina maana kwamba kamera zing'olewe. Penye lango, uwanja wa wazi na korido ndefu, kamera huzuia wizi, humbaini mgeni aliyeingia, na hutoa ushahidi pale maneno yanapogongana. Lakini mzazi anayeambiwa kuwa shule ina kamera ana haki ya kuuliza zaidi: Ni nani anayezitazama, na lini? Picha huhifadhiwa kwa siku ngapi? Nani yuko uwanjani wakati wa mapumziko? Na la muhimu kuliko yote, mwanangu akionewa leo, amwendee mtu gani, na mtu huyo atafanya nini kabla jua halijazama? Shule yenye jibu la swali la mwisho ina kinga hata kama haina kamera. Isiyo na jibu haina kinga hata kama imezitundika mia moja.

Funzo kwa Afrika Mashariki

Mjadala huu si wa Afrika Kusini peke yake. Nchini Kenya, mwaka 2017, taarifa za wanafunzi wapya kuteswa na viranja katika shule ya wavulana ya Alliance, mojawapo ya shule mashuhuri nchini humo, ziliwashangaza wengi na kumfanya mwalimu mkuu aondoke kabla ya wakati wake wa kustaafu. Mwaka 2023, ofisi ya kamishna wa kulinda data nchini Kenya iliitoza shule moja ya jijini Nairobi faini ya zaidi ya shilingi milioni 4.5 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Tanzania nayo ilianza kutekeleza sheria yake ya kulinda taarifa binafsi mwezi Mei mwaka 2023. Shule za bweni za Arusha, Nairobi na Kampala zinazofunga kamera sasa zinaweza kujifunza kutokana na yaliyotokea Parktown, badala ya kungoja yao.

Kwa mtoto anayesikiliza na kujitambua katika maelezo haya, ipo namba ya simu ya msaada kwa watoto, 116, ambayo hupigwa bila malipo nchini Afrika Kusini, Kenya, Tanzania na Uganda. Upande wa pili wa simu hiyo kuna kitu ambacho kamera yoyote, hata iwe ya bei ghali namna gani, haijapewa: sikio la mtu mzima.